Farasi Anayekonyeza

Siku ile farasi wetu alipoanza kufumba jicho moja naikumbuka vizuri, mwanangu, na nikikuambia kwamba hasira yake imenitoka nitakuwa nakudanganya. Nimezeeka, nimesamehe mengi, lakini hili bado linanichemsha.

Utashangaa farasi alifikaje Machame, kwenye kihamba, shamba letu la nyumbani lenye migomba na ng'ombe wawili wa maziwa. Baba yangu alikuwa mtunza farasi kwenye shamba kubwa la kahawa huko chini. Shamba lilipopata wenyewe wapya, hao hawakutaka farasi, wakamwambia achukue mmoja aondoke naye. Akachagua jike la rangi ya kahawia lenye baka jeupe la mraba kwenye paji la uso, tukamwita Stempu. Baba alinifundisha kumsugua, kumkagua kwato, na kumsogelea nikiongea ili asishtuke. Kisha baba akafariki, na kila kitu cha nyumba kikawa chini ya mdogo wake, baba mdogo Elifuraha. Mimi nilikuwa binti wa miaka ishirini na ushee, nimemaliza shule, sina kazi.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa na kila mtu alihangaika kivyake. Kahawa haikulipa. Watu waling'oa mibuni wakapanda nyanya, wengine wakaenda kubeba mizigo ya wageni mlimani. Baba mdogo akasema Stempu naye ale kwa jasho lake. Tukawa tunampeleka barabarani, kwenye njia ya magari ya watalii, wageni wanampanda na kupigwa picha. Sikuona ubaya. Alikuwa amezoea watu, na mimi ndiye niliyeshika kamba.

Asubuhi moja nikamkuta jicho la kushoto limefumba nusu, machozi yanamtiririka mpaka puani. Nilipomgusa akarusha kichwa. Nikamgeuza kwenye mwanga, nikaona alama nyeupe juu ya kioo cha jicho, ndogo kama punje ya mchele. Nikakimbia kwa baba mdogo.

"Shikamoo, baba. Stempu anaumwa jicho. Tumwite daktari wa mifugo."

"Marahaba. Jicho tu? Ng'ombe wangapi tumewatibu macho hapa hapa?"

Akatoa ugoro wake, akauchanganya na mate mdomoni, akamtemea Stempu jichoni, vile vile walivyotemewa ng'ombe wa ukoo wetu tangu zamani. Stempu alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia tena kwa mnyama. Baba mdogo akafuta mdomo na kuniamuru nimpeleke barabarani. Nikakataa. Akamchukua mwenyewe, nami nikawafuata nyuma, maana ningemwachaje?

Huko barabarani mgeni mmoja alimtazama Stempu, akacheka, naye akafumba jicho lake moja kumwigiza. Baba mdogo akalidaka hapo hapo. "Anakukonyeza!" akasema, na gari zima likacheka. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo biashara yake. "Njooni muone farasi anayekonyeza!" Hata majirani zetu, watu tunaokaa nao benchi moja kanisani, walikuja na watoto wao kukonyezwa. Maumivu ya mnyama yalipewa jina la mzaha, na jina lile likauza kuliko mgongo wake.

Nilisema, mwanangu. Nilisema nyumbani, nikasema na barabarani mbele za watu. Nikaambiwa mtoto wa kike unajua nini, acha gubu, unataka tule nini? Wageni walinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa namtesa. Ile punje nyeupe ikawa ukungu uliofunika jicho zima, na nzi hawakubanduka hapo. Baba mdogo akazidi kupaza sauti.

Nikapanda kwa bibi. Alikuwa mama yao, baba yangu na Elifuraha, na miguu yake ilikuwa imechoka, hatoki ila kwa ibada. Nilimweleza, akaomba fimbo yake. Tulishuka polepole mpaka barabarani, tukakuta watu wamemzunguka Stempu wakicheka. Bibi akamshika taya, akalitazama lile jicho kwa muda mrefu, kisha akamgeukia mwanawe.

"Elifuraha, ulipokuwa mchanga tumbo lilikuwa linakusokota, unalia mpaka unakauka sauti. Mimi nilisema mtoto anaimba? Niliwaita majirani waje wacheze?"

Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, na wale wa kanisani ndio waliotangulia.

Daktari wa mifugo alifika kutoka Moshi mjini. Alisema ni kidonda juu ya kioo cha jicho, labda alichomwa na kijiti, na kwamba angeitwa mwanzoni, dawa na kivuli vingetosha. Ugoro ulikuwa umeunguza, na jua na vumbi vikamalizia. Tulimweka kwenye banda la ng'ombe, tukatundika blanketi mlangoni apate giza, nikawa namtia dawa mchana na usiku. Haikusaidia. Jicho lilipasuka, na daktari akalitoa. Mimi nilimshika kichwa, nikalia, na yale hayakuwa machozi ya huzuni. Nilitamani kumpiga mtu.

Baba mdogo alipoona nyumba nzima haimsemeshi, akaja kwa bibi na isale mkononi. Unajua desturi yetu: aliyekukosea akikuletea jani hilo lililofungwa fundo, humkatalii. Bibi alimkatalia.

"Mimi sijatolewa jicho," alisema. "Mpelekee mwenyewe."

Alidhani ni utani. Akatabasamu, akatuangalia, hakuna aliyetabasamu naye. Basi akaenda bandani. Akaingia kimya kutokea upande wa kushoto, upande usioona, na Stempu akashtuka, akajibanza ukutani akitetemeka mwili mzima. Baba mdogo akamnyooshea jani. Farasi atajuaje isale? Alizidi kurudi nyuma mpaka hapakuwa na pa kurudi. Yule mtu mzima akatoka na jani lake vile vile, akakaa chini mlangoni, akalia. Stempu aliishi miaka mingi baada ya hapo, na sauti ya baba mdogo ikisikika tu uani alikuwa anatetemeka.

Juzi umenionyesha kwenye simu yako mbwa anayezungukazunguka akianguka, watu wamemwekea muziki, nawe ukacheka. Ndiyo maana nimekusimulia. Sisi tukikoseana tuna isale, tuna mchungaji, tuna vikao vya ukoo. Mnyama hana hata kimoja, ukimkosea umemkosea. Kwa hiyo kabla hujacheka, uliza anaumwa wapi. Ukiona jicho limefumba, mtoe juani, mwite anayejua, na usitie chochote kwa sababu tu ndivyo ilivyozoeleka. Ukisema, kisha watu wakakuita mwenye gubu, panda kwa mwingine ukaseme tena.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe zizi lililojaa na watoto wenye afya, na akupe hasira, usikae kimya pale wenzako wanapocheka. Amina.