Kamba ya Gunia na Damu ya Leonida

Lori la vitunguu lilisimama kando ya mfereji, na Wilibrodi akaruka chini kabla halijazimwa. Kaka yake, Patrisi Tluway, alikuwa ndani ya tope hadi magotini, akimwagilia shamba lake la Mang'ola.

"Kaka, funga maji."

"Zamu yangu haijaisha. Umetoka Karatu kuja kuniamrisha?"

"Funga kwanza. Mwanao Leonida ametutoka alfajiri."

Patrisi hakufunga. Maji yalibomoa tuta moja, yakabomoa na la pili.

"Jumapili nilimpima," alisema. "Tumbo lilikuwa bapa." Akatoa mfukoni kamba ya kushonea magunia, akamwonyesha mdogo wake fundo, kana kwamba fundo lingeweza kubishana na mauti.

Mwaka uliotangulia, 1983, binti huyo wa miaka sita alitolewa uvimbe kwenye ini. Daktari wa misheni alipeleka damu yake mbali, ipimwe protini ambayo mtoto huwa nayo kwa wingi tumboni mwa mama, kisha hupungua baada ya kuzaliwa. Kwa Leonida ilikuwa juu mno. Ndivyo walivyojua uvimbe ni wa saratani. Baada ya upasuaji ikashuka, wakatoa shukrani kanisani.

"Mleteni kila baada ya miezi miwili," daktari alisema. "Damu itajua kabla ya mkono."

Ila mavuno yalipowadia, Patrisi aliona safari ya nini. Kila Jumapili baada ya misa alimzungushia mtoto kamba tumboni, aone kama tumbo limepita fundo alilofunga siku ya kwanza. Marsela, mkewe, alipouliza habari za damu, alijibiwa, "Daktari ana namba zake, mimi nina kamba yangu."

"Baba, unanipima kama gunia," Leonida alicheka.

"Gunia halisemi. Tulia."

Fundo halikusogea. Kikohozi kilipoanza, walisema ni vumbi. Jumatatu, Patrisi akiwa amerudi shambani, mtoto alianza kukosa pumzi, Marsela akamkimbiza hospitali. Uvimbe ulikuwa umejaa mapafuni.

"Daktari amesema tungepima Mei, namba ingetuonya," Wilibrodi alimalizia. Patrisi alikaa juu ya tuta, maji yakimpita.

Jioni, nyumbani Karatu, fundi Inosenti aliulizia urefu wa jeneza. Patrisi aliingia alikolazwa mtoto, akanyoosha kamba ubavuni mwake, akatoka.

"Kamba mbili, kasoro shubiri."

Leonida alizikwa Ijumaa baada ya misa, nyuma ya nyumba, karibu na kaburi la bibi yake. Katekista aliongoza sala. Marsela alitupa udongo kwanza, kisha Patrisi, kisha ndugu. Wanaume wakafukia, wakasimika msalaba wa mbao, na watu wakanawa mikono.