Shavu langu lilipokufa ganzi Muscat: saratani ya ngozi ilivyoifuata neva, na nilivyopona

Wakuu, asalaam aleikum, na wasio Waislamu hamjambo nyote.

Mimi humu ni msomaji tu, siandiki. Leo nnaandika kwa sababu juzi mwenzetu kauliza kuhusu kidonda cha usoni kisichopona, na majibu mengi niliyoyaona ni mzaha.

Haya yamenifika mwenyewe, kwenye uso wangu huu huu. Sitii chumvi, mke wangu ni shahidi. Na niwatoe wasiwasi mapema: niko mzima.

Mimi ni Mwomani niliyezaliwa Tabora. Nilihamia Muscat kijana, nikapata kazi ya kupima barabara. Miaka yote ya tisini nimeshinda juani, Ghubra inajengwa, Al Khoudh inajengwa, kichwani nna kofia ya kufuma ambayo haikingi hata pua. Na mimi mweupe, jua likinipiga naiva kama nyanya.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili kikanitoka kitu shavu la kushoto, chini ya jicho. Kigumu, kina gamba. Nikibandua gamba damu inatoka, kisha gamba linarudi.

Mke wangu Salma akanipaka asali, akanipaka mafuta ya habbasoda. Mwisho akachoka.

"Baba Raya, hii si chunusi. Chunusi gani haiishi?"

Nikaenda hospitali. Kikakatwa, kikapelekwa maabara. Jibu: saratani ya ngozi, lakini imetoka yote. Nikashonwa, nikarudi kazini. Nikasema khalas, yamekwisha.

(Hapa nisimame kidogo. Msidhani saratani ya ngozi ni ya Wazungu tu. Weupe na ndugu zetu albino wako hatarini zaidi, ila hata mweusi inampata.)

Kovu likapona vizuri. Kisha nikaanza kuhisi kama sisimizi wanatembea, kutoka kwenye kovu kushuka mdomo wa juu. Nikipapasa, hamna kitu.

Sisimizi wakaisha, ikaja ganzi.

Siku moja kinyozi akanikata kwa bahati mbaya. Damu ikashuka mpaka kwenye dishdasha, kanzu yangu, na mimi nnaendelea kumhadithia habari za mpira. Wallahi sikuhisi kitu. Yeye ndiye aliyeacha wembe akakimbilia taulo.

Salma alipoiona ile damu akaniuliza, nikamweleza yote, na sisimizi wangu. Kesho yake asubuhi tulikuwa hospitali.

Daktari alikuwa mwanamama wa Kisudani, mpole, ananiita "ammi", yaani baba mdogo. Akachukua pamba, akanigusa.

"Unahisi?"

"Sihisi."

"Na hapa?"

"Hapo nahisi."

Akaweka pamba chini. "Ammi, mara chache saratani ya ngozi huifuata neva. Inajizungusha kwenye neva na kutambaa nayo, na ikiachwa inaweza kuingia ndani ya fuvu. Sisemi imefika huko. Nataka tujue."

Salma ndiye aliyeuliza, "Mtajuaje?"

"Kile kipande cha mwanzo bado kipo maabara. Nitaomba kikatwe upya, kitiwe rangi maalumu. Neva ina protini yake, saratani nayo ina zake. Rangi moja inaishika protini ya neva, nyingine inazishika za saratani. Hapo tutaona kama saratani imeizunguka neva."

Wakuu, kungoja majibu kusikieni kwa wenzenu. Binti yangu Raya alikuwa amechumbiwa, na mimi nnawaza nitasimama kwenye harusi na uso uliopooza. Kila nikipita kwenye kioo nnajichekesha, niangalie kama mdomo unakwenda sawa.

Salma akanifuma. "Unacheka na nani?"

"Naangalia mdomo."

Akaja akasimama pembeni yangu, naye akajichekesha kwenye kioo. "Mbona wangu ndio umepinda?" Tukacheka kweli kweli, mara ya kwanza tangu siku ya pamba.

Majibu yakatoka. Ilikuwemo. Kijineva chembamba, saratani imekizunguka pande zote. Kwa rangi za kawaida hakikuonekana, kwa zile za protini kikajitokeza wazi.

Nikapigwa picha ya MRI. Neva kubwa inayopita chini ya jicho ilikuwa imevimba karibu na kovu, lakini nyuma yake, kuelekea fuvu, kuzuri.

Nikakatwa tena, safari hii na kipande cha neva yenyewe. Nacho kikatiwa zile rangi, ila jibu likachelewa. Kisha nikachomwa mionzi kwa wiki kadhaa. Ngozi ilibabuka, mdomo ukawa vidonda, nikaishi kwa uji wa Salma.

Ile siku ya jibu la neva, daktari hakungoja tukae. Alitukuta mlangoni.

"Ammi, mwisho wa neva tulipokata ni safi. Mionzi tumeipiga kwa tahadhari tu."

Muda wote ule Salma hakulia hata mara moja mbele yangu. Tulipofika kwenye gari alilia mpaka mlinzi wa maegesho akaja kugonga kioo, uso umejaa huruma.

"Mmefiwa?"

"Hapana, ndugu yangu," nikamwambia. "Tumepona."

Salma akaanza kucheka katikati ya machozi, mlinzi naye akacheka bila kujua anacheka nini.

Ni miaka mingi sasa. Haijarudi. Nusu ya mdomo wa juu bado ganzi, chai ya moto naionja upande wa kulia. Mdomo unakwenda sawa, na harusini nilisimama.

Nililojifunza: kidonda kisichopona kikatwe kipimwe. Na hata ukiambiwa imetoka yote, ukianza kuhisi kutambaa au ganzi pale pale, rudi ukaseme. Mimi niliona ni jambo dogo la kumsumbulia daktari. Kumbe ndilo alilotaka kulisikia.

Aliyepitia haya aeleze hapa chini, na mwenye swali aulize, nitajibu nnachokijua. Ila wewe mwenye ganzi usoni sasa hivi, usingoje majibu yetu. Nenda hospitali, uzi utaukuta hapa hapa.