Safari ya Breki kwa Mdogo Wake

Fundi baiskeli huyu watu walimwita Breki, maana mdomo wake haukuwa nayo. Akianza habari za tezi dume, hata mteja mwenye haraka alijikuta ameketi juu ya tairi kuukuu, anasikiliza. Na haki ya kusimulia alikuwa nayo. Saratani ilimkuta akiwa babu tayari, akapasuliwa, akapona. Tangu hapo, kila mwaka yeye na wenzake waliopona hupanda baiskeli wakakata njia mji hata mji, jua lao na vumbi lao, migongoni wameandika: KAKA, UMEPIMA?

Mikutano ya uwanjani Breki hakuitaka. Ukiwaita wanaume uwanjani, wanakuja watoto. Yeye aliingia kwa vinyozi. Mwanamume aliyefungwa shuka shingoni atakimbilia wapi? Basi alisimama mlangoni akaanza: kipimo cha kwanza ni damu kidogo tu ya mkononi, saratani hii ikiwahiwa inatibika, na mficha maradhi kilio humuumbua. "Nitazameni mimi," alimalizia akijipiga kifua. "Mzima kama chuma!"

Hapo ndipo alipodanganya, maskini. Tangu apasuliwe, mkojo ulimtoka bila kumuaga. Mlima ukiwa mkali, au akicheka sana, basi tena. Mkewe alimkatia vitambaa vya pamba, akavipinda kingo, akavifungasha chini kabisa ya mkoba wa baiskeli, chini ya viraka na pampu. Siri hiyo ilikuwa ya wawili tu, naye aliilinda kuliko hata baiskeli yenyewe.

Mwaka huu, akiwa njiani, simu ikalia. Alikuwa mke wa mdogo wake, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma.

"Shemeji, mdogo wako amepima kama ulivyomwambia. Anayo. Daktari anataka kumpasua mapema, kabla haijasambaa. Amekataa katakata. Mpitie, mimi nimeshindwa."

Breki akawaacha wenzake, akakanyaga pedali bila kupumzika hadi mji wa mdogo wake. Alimkuta kwa kinyozi wa mtaani, kichwa upande mmoja kimenyolewa, upande wa pili bado. Akaanza hotuba yake ileile. Wateja waliokuwa wakingoja zamu wakacheka, maana alikuwa anachekesha kweli. Mdogo wake peke yake hakucheka.

"Kaka, wewe una bahati," alisema, akimtazama kwenye kioo. "Umetoka mzima, unasema mwenyewe. Mimi nimewauliza wengine. Wanavaa nepi kama watoto. Bora nife nikiwa mwanamume."

Kumbe zile sifa za Breki ndizo zilizomfungia mdogo wake mlango! Kama kaka alipona kwa bahati, na bahati haiazimwi, mdogo atatumaini nini? Breki akawatazama wale wateja, akatamani watoke. Hawakutoka. Akafungua mkoba, akatoa viraka, akatoa pampu, akachomoa kitambaa na kukiweka juu ya magoti ya mdogo wake. Kilikuwa na maua mekundu, kimekatwa kwenye gauni kuukuu la mkewe.

"Nepi yangu hiyo," alisema. "Shemeji yako ndiye anayeshona. Nyingine nimeivaa sasa hivi, na imelowa, maana nimekuja mbio kwa ajili yako. Daktari anasema wengi hukauka baada ya miezi kadhaa. Mimi bado. Niliona aibu, mdogo wangu, nikakudanganya wewe na kila mtu."

Hakuna aliyecheka. Kinyozi alizima mashine.

Mdogo wake akakikunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena.

"Na shemeji?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Anakuonaje?"

"Ananitania mpaka nachoka," Breki alijibu. "Halafu usiku analala palepale alipokuwa akilala siku zote."

Machozi yakamdondoka mdogo mtu juu ya shuka. Breki akamshika bega, na yeye mwenyewe akalia bila kujificha, kwa huruma na kwa kutua mzigo. Kisha mdogo wake akajipangusa uso kwa ncha ya shuka, akamgeukia kinyozi.

"Washa mashine yako umalizie, bwana. Siwezi kwenda kupasuliwa na kichwa nusu."