Upepo wa Tairi Nne

Chuoni nilihitimu msahafu, shuleni nilikaa mpaka nikajua kuandika jina langu, basi, nikaondoka. Sijutii. Miaka ile ya themanini, kuanzia Kilifi kwenye feri mpaka Gongoni kwenye chumvi, ukisema "ile landrova ya kijani" hakuna aliyekuuliza ya nani. Niliinunua mnadani katika shamba la katani, mifupa mitupu, kuku wametaga kwenye kiti cha dereva. Nikaiunda kwa mikono hii. Waliosoma wakapanda nyuma, wakashika bomba, wakanyamaza. Wazungu wa hoteli za Bofa walizama mchangani na magari yao mapya, wakatuma watu kunitafuta mimi, si mtu mwingine.

Kuna jambo moja watu hawalielewi. Wanadhani gari la kuvuta mbele na nyuma, ukishaingiza ile gia fupi, magurudumu yote manne yanakazana sawasawa. Si kweli. Katikati ya ekseli imo difu, na difu ina tabia mbaya: nguvu za injini huzipeleka kwenye gurudumu lililo jepesi kuzungushwa. Gurudumu moja likiwa kwenye utelezi na mwenzake liko penye ardhi ya kushika, lile la kwenye utelezi ndilo litakalopewa kila kitu, lizunguke bure kama feni, na lile lenye kazi likae kimya. Nasikia magari ya siku hizi yamewekewa kufuli ndani ya difu, dereva anabonyeza tu. Langu halikuwa na kufuli. Kufuli lilikuwa mimi.

Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kubeba korosho na mahindi kutoka Vitengeni wakati wa masika, njia imekuwa uji. Nikajua kwamba tairi ukiipunguza upepo hulala chini kama unyayo wa ngamia, ikashika mahali pana. Nikajua kwamba gunia tupu la katani, ukilizungusha kwenye tairi na kulikaza kwa kamba, linauma tope kuliko hata mnyororo. Nikajua kwamba watu wasishuke kusukuma; wapande, wakae juu ya ekseli ya nyuma, uzito ndio kucha za gari. Na nikajua hila ya breki, ambayo madereva wengi mpaka leo hawaiwezi. Unakanyaga mafuta, na mguu wa kushoto unagusia breki, kidogo tu, kama unayekanyaga yai. Lile gurudumu linalozunguka bure linazuiwa, na difu inadanganyika, inadhani huku nako kuna kazi, inapeleka nguvu upande wa pili. Breki ya mkono haisaidii kitu. Kwenye gari lile ilikuwa inakamata shafti ya katikati, si magurudumu. Lakini kila palipozama gari alikuwapo mtu wa kupiga kelele, "Vuta handibreki."

Asubuhi ninayoikumbuka nilikuwa nimepeleka shehena ya magunia matupu kwenye kiwanda kimoja cha chumvi, kule Gongoni. Kiangazi, jua kali, chumvi inametameta mpaka macho yanatoa machozi. Sijashusha hata gunia moja, nikaona watu wanakimbia kuelekea kwenye tuta la mwisho, lile linalotenga mabwawa ya kukaushia chumvi na hori ya bahari. Nyapara akaja mbio akaingia kwenye gari langu bila salamu. Mtu wa makamo, kofia ya plastiki kichwani, tulijuana kwa miaka.

"Twende, fundi. Lori limeanguka. Kuna mtu chini."

Lori la chumvi lilikuwa linapita juu ya tuta, ukingo ukameguka, likalala ubavu upande wa hori. Dereva aliruka. Mpakizi aliyekuwa amekaa juu ya magunia hakuwahi. Nilipofika nilimkuta amelala chali kwenye tope la mteremko wa tuta, ubavu wa bodi umemkalia paja la kulia, na mkewe, ambaye naye alikuwa kibarua pale wa kukwangua chumvi, amepiga magoti nyuma yake amempakata kichwa. Maji ya hori yalikuwa yanamfika kiunoni yule mtu. Ilikuwa bamvua, siku za maji makubwa, na maji yalikuwa bado yanajaa.

Walikuwa wameshajaribu jeki. Ilizama topeni na ubao wake. Walichimba chini ya mguu kwa majembe na mikono, tope likawa linarudi kwa kasi kuliko linavyotolewa. Trekta la kiwanda lilikuwa Malindi, gereji. Palikuwa na mimi tu.

Mpakizi mwenyewe alikuwa na akili zake zote. Akaniangalia akasema, "Ni wewe wa landrova ya kijani?"

"Ni mimi."

"Basi nitatoka."

Hayo aliyasema yeye, na watu waliyasikia.

Nikaliteremsha gari upande wa pili wa tuta, kwenye bwawa lililokauka, ili nivute lori kwa juu na kulirudisha wima, hata kama ni kiasi cha shubiri. Shubiri ilikuwa inatosha. Tukapata waya wa chuma, tukafunga ncha moja kwenye fremu ya lori, nyingine nyuma ya gari langu, tukaupitisha juu ya tuta na kuutandikia gogo. Nikaingiza gia fupi, nikaiachia klachi taratibu.

Bwawa la chumvi linadanganya. Juu kuna gamba jeupe, gumu, unaweza kucheza mpira. Chini yake kuna tope jeusi kama grisi. Gari lilisogea, waya ukakaza, gamba likapasuka upande wa kushoto, na magurudumu ya kushoto, la mbele na la nyuma, yakaanza kuzunguka bure. Ya kulia yakatulia, yakatazama. Nikagusia breki. Ya kulia yakaamka, yakavuta, lori likalia kwa chuma, halafu magurudumu yote yakachimba na gari likakaa kitako.

"Handibreki, fundi," dereva wa lori akapiga kelele.

"Wewe umeshaendesha leo," nikamwambia. "Nyamaza."

Nikashuka kutoa upepo. Na hapo ndipo nyapara alipotoa amri yake. Akawaambia vibarua walete chumvi, waimwage mbele ya tairi. Ukiwa umefanya kazi miaka yote mahali ambapo chumvi ndiyo changarawe, ndiyo mchanga, ndiyo kila kitu kinachopatikana kwa mkono, huwazi kingine. Ilikuwa chumvi ya mawe, chembe kubwa kubwa, ngumu.

"Hiyo itayeyuka," nikasema.

"Ni kama kokoto, fundi. Tunaitengenezea njia zetu kila siku."

"Njia zenu ni kavu."

"Maji yamemfika kifuani," akasema. "Unangoja nini?"

Kweli maji yalikuwa yamefika kifuani. Niliona watu wote wananiangalia, nikaingia nikavuta. Na chumvi ilishika. Wallahi ilishika, gari likapanda, waya ukalia, nikasikia kelele upande wa pili wa tuta, "Linanyanyuka, linanyanyuka." Kisha zile chembe zilizosagwa na tairi, pamoja na maji ya tope yaliyopanda kutoka chini, zikawa uji. Gari likateleza ubavu, likarudi nyuma. Lori likarudi mahali pake. Juu ya mguu uleule.

Ule ukelele wa mpakizi sitausimulia.

Baada ya hapo hakuna aliyetoa amri ila mimi. Nikatoa upepo kwenye tairi zote nne, si nusu, mpaka zikalala kabisa. Nyapara alikuwa amesimama karibu yangu. Akauliza kwa sauti ya chini, "Na kwenda hospitali, utakwenda na tairi hizi?"

"Kwanza atoke."

Nilijua alichouliza. Dereva yeyote anajua: upepo unautoa kwa dakika, unaurudisha kwa jasho. Pampu niliyokuwa nayo ni ya kukanyaga kwa mguu, na tairi za landrova si za baiskeli. Lakini mtu aliye chini ya maji hahitaji hospitali.

Tukachukua yale magunia matupu, tukayakunja marefu, tukayazungusha kwenye kila tairi na kuyapitisha kamba kwenye matundu ya rimu. Mengine tukayatandika mbele, mkeka juu ya mkeka. Chumvi iliyobaki tukaikwangua yote. Kisha nikawaambia vibarua wapande. Wakaja mbele na nyuma kusukuma, kwa sababu mtu wa kwetu akiona gari limekwama anasukuma, hakuna kingine anachokijua.

"Pandeni, nimesema. Mnene mbele ya mwembamba."

Hata katika hali ile wanawake wawili walicheka, wakamsukumiza mbele mwenzao mmoja mwenye mwili. "Nenda, leo ndiyo siku yako." Wakajazana nyuma mpaka springi zikalala.

Upande wa pili mke alikuwa anaongea na mumewe bila kukoma, Kigiriama, sauti ileile moja, kama anayembembeleza mtoto. Nilikuwa simwoni. Nilikuwa naisikia sauti yake tu, na niliendesha kwa kuisikia.

Mguu wa kulia kwenye mafuta, wa kushoto ukigusia breki, pumzi nimeiziba. Gurudumu la kushoto likataka kukimbia, nikalizuia. La kulia likauma gunia. Gari halikuruka, halikupiga kelele; lilitambaa, kama mtu anayetambaa na mzigo mgongoni. Waya ukaingia ndani ya gogo. Nikasikia lori linanyanyuka kabla sijaambiwa, maana usukani ulibadilika mkononi. Nikalishikilia hapohapo, mpaka nyapara akatokea juu ya tuta akainua mikono.

Alikuwa ametoka. Lori la tani zile, na magari yaliyokuwa na kufuli yasingefanya zaidi. Gongoni mpaka leo wanaisimulia, ingawa wengine wanasema lilikuwa trekta.

Lakini lori lilikuwa limekaa juu ya ule mguu kama kizibo. Lilipotoka, damu ilitoka. Nikaufunga juu ya paja kwa leso ya mkewe na kipande cha kamba, nikakaza kwa kijiti, jinsi nilivyomwona muuguzi mmoja akifanya. Ikapungua. Haikukoma. Tukamlaza nyuma juu ya magunia, mkewe akakaa naye, nyapara akakaa mbele.

"Jaza kwanza, fundi," nyapara akasema. "Tairi ikichanika njiani hatufiki."

"Nikijaza hatufiki vilevile."

Nikamwangalia mke pale nyuma. Alisema tu, "Twende, baba."

Tukakata kamba, tukayavua magunia, tukaondoka kwenda hospitali ya Malindi. Barabara ile ilikuwa ngumu, imekauka, mabati mabati, na juu ya barabara ngumu tairi isiyo na upepo ni mguu uliovunjika. Ukienda kwa kasi inatoka kwenye rimu, na hapo umekwisha. Nilikwenda mwendo wa punda. Usukani ulikuwa mzito kama wa meli. Watu wa Mambrui wanaonijua walinipungia mkono nikipita, wakishangaa leo nina nini. Baiskeli ilitupita. Yule aliyeiendesha akageuka akacheka.

"Kaza, baba," mke akasema.

"Nikikaza, mama, tairi inatoka. Tutalala njiani."

"Kaza tu kidogo."

Nikakaza kidogo. Tairi ya nyuma ikaanza kupiga makofi, nikapunguza. Akawa anasema vile kila baada ya muda, si kwa hasira, "Kaza, baba," nami namjibu, "Nakaza, mama," na gari liko palepale. Kuendesha gari lililozama nilikujua kuliko mtu yeyote pwani ile. Njia nyeupe, kavu, haina hata tone la tope, ndiyo iliyonishinda.

Tulikuwa tumekaribia daraja la Sabaki, unaona maji mekundu kwa mbali, mke aliposema, "Baba. Nenda polepole sasa."

Nyapara akavua kofia yake akaiweka magotini. Nikaenda polepole, kama alivyotaka, hatua chache, kisha nikasimamisha pembeni, nikazima.

Nilipofungua nyuma alikuwa ameshamfunika uso kwa upande uliobaki wa leso. Nikasema inna lillahi, ndilo nililokuwa nalo. Yeye alikuwa anampangusa chumvi mikononi, kidole kwa kidole. Ilikuwa imemkaukia nyeupe.

"Kwenu ni wapi, mama?"

"Vitengeni." Akatazama njia tuliyotoka, halafu ile ya mbele. "Ni mbali."

"Ni mbali. Lakini hospitali wakishamwandika nitawafikisha mimi."

"Na tairi hizi?"

"Hapana," nikasema. "Si na hizi."

Nikaitoa pampu chini ya kiti, nikaanza na ya mbele kulia. Jua lilikuwa la utosi. Tulipokezana na nyapara, mmoja anakanyaga, mwingine anashikilia mpira kwenye vali. Kwenye tairi ya tatu akasema, bila kuniangalia, "Ile chumvi, fundi."

"Kanyaga," nikamwambia.

Akakanyaga. Tukazijaza zote nne mpaka zikawa ngumu, nikazigonga moja moja kwa kisigino. Hapakuwa na haraka tena.