Muuza Ugoro wa Birongo na Mkebe Uliokataa Kifo cha Kaka Yake

Saa mbili asubuhi, nyasi za soko la Birongo bado zina umande. Kemuma, mke wa Omwenga, ameketi juu ya gunia huku mteja akimnyooshea mkebe mdogo wa bati, wa mviringo, unaoenea kwenye kiganja. Anataka ujazwe ugoro. Kemuma haujazi kwanza. Anaugeuza, anapitisha kidole gumba juu ya kifuniko, kisha anautazama upande wa chini.

"Huu ni wa kabla ya vita," anasema. "Nani alikupa?"

"Baba mkwe wangu."

"Mwambie autunze. Siku hizi hawatengenezi hivi."

Mikebe hiyo haikuletwa Kisii kwa ajili ya ugoro. Ilikuja imejaa risasi ndogo za bunduki ya upepo, zile ambazo Wazungu wa mashambani na watoto wa wenye maduka hupigia ndege. Risasi zikiisha, mkebe hutupwa. Lakini kifuniko chake hubana, hakipitishi unyevu, na wavuta ugoro hawakuchelewa kuuona uzuri wake.

Kemuma anasaga tumbako kwa jiwe, anachanganya na magadi, na kuuza kijiko kwa senti kumi. Hakusoma hata darasa moja. Hata hivyo ukimpa mkebe wowote wa aina hiyo, atakwambia ulikuja nchini miaka gani.

"Mume wangu alikuwa mpishi kwa Mzungu upande wa Sotik," anaeleza. "Yule Mzungu aliwapiga ndege waliomlia matunda. Kila mkebe ulioisha, Omwenga aliuleta nyumbani. Basi mimi nahesabu kwa watoto wangu. Huu ulikuja nikinyonyesha wa kwanza, huu nikiwa na mimba ya wa pili."

Mikebe ya miaka ya thelathini, anasema, ilibandikwa karatasi juu ya kifuniko. Karatasi ikichanika, chini yake kuna bati tupu lenye madoa ya gundi, na karatasi yenyewe iliandikwa tarakimu moja peke yake. Vita vilipoanza, mikebe ilikatika kabisa. Risasi yote ilikwenda kuua watu, na Kemuma akarudia kuuza ugoro kwenye pembe na majani ya migomba. Ilipoonekana tena, mwaka mmoja baada ya amani, haikuwa na karatasi. Rangi ilipigwa juu ya bati lenyewe, na kabla ya namba ya kipimo cha risasi palikuwa na nukta.

"Nilidhani nukta ni uchafu," anasema. "Nikasugua kwa majivu. Haikutoka."

Kwa miaka mingi ujuzi huo ulikuwa mazungumzo ya kupitisha siku sokoni. Mambo yalibadilika mwezi wa pili mwaka huu wa 1955, alipofika kwake Obura, Mjaluo anayeleta samaki wakavu kutoka Kisumu. Obura alitoa mkebe wake ujazwe. Kemuma akaugeuza kama kawaida yake, kisha akausogeza kwenye mwanga.

Chini ya mkebe, mtu alikuwa amechora kwa msumari sikio la ng'ombe lenye mikato miwili na tundu moja. Ni alama ya ng'ombe wa baba yake. Na aliyekuwa na mazoea ya kuichora kila mahali, tangu utotoni, ni kaka yake Ongeri.

Ongeri aligombana na baba yao mwaka 1938 akaenda kutafuta kazi Kericho. Mwaka 1942 zikaja habari kwamba amechukuliwa na mto uliofurika. Mwili haukupatikana. Ukoo ukalia, ukazika shina la mgomba mahali pake. Baba yao alifariki mwaka uliofuata. Mama yao, Nyanchera, hakukubali kukanyaga pale kaburini hata siku moja.

"Bwana Obura, umeutoa wapi mkebe huu?" Kemuma aliuliza.

"Kwa fundi wa baiskeli, mama. Yuko Kisumu, ana mguu mbovu. Anaweka gololi ndani ya mikebe kama hii. Nilimwomba mmoja akanipa."

"Anaitwa nani?"

"Sisi tunamwita Fundi tu."

Kemuma aliuazima mkebe ule na kufunga biashara kabla ya saa sita. Jioni baba yake mdogo, Obwocha, alikuja kwake akauangalia kwa muda mrefu.

"Kemuma, mwanangu," alisema, "Ongeri alikuwa akija hapa, akiichezea mikebe yako. Huenda aliuchora kabla hajaondoka, ukazunguka mikononi mwa watu mpaka leo. Usimwamshie mama yako msiba uliolala."

Ilikuwa shaka ya haki. Kemuma akaleta mikebe yake na kuipanga juu ya ngozi. Akamwonyesha ile ya karatasi, na ile iliyobanduka karatasi ikabaki na madoa ya gundi. Kisha akaacha nafasi.

"Hapa ni vita. Hapa hakuna kitu," alimwambia. "Na hii ndiyo iliyokuja baadaye. Weka wa Obura, wewe mwenyewe, mahali pake."

Obwocha aliushika karibu na moto, akautafuta ule mchoro, akaitafuta nukta. Akauweka upande wa baadaye.

"Mto ulimchukua kabla mkebe huu haujatengenezwa," alisema. "Nenda Kisumu."

"Hata mtu mwingine angeweza kuichora alama ile," Kemuma anakiri. "Nilijua. Lakini nikaenda."

Alisafiri na Obura wiki iliyofuata. Nyuma ya duka moja Kisumu alimkuta mwanamume mwenye mvi amepiga goti kando ya gurudumu. Kemuma alisimama tu. Mwanamume akainua macho, akamtazama, akaweka chini spana.

"Mama yuko?" aliuliza kwa Ekegusii, lugha ya nyumbani.

"Yuko."

Hapo ndipo Ongeri alipokaa chini, mikono yenye grisi imefunika uso.

Mto ulimbeba kweli, ukamvunja mguu, na watu wa bondeni wakamwokoa. Alipopata nafuu akasikia ameshaliliwa na kuzikwa, na baba amefariki. "Niliona aibu," alimwambia dada yake. "Nitapitaje langoni, kilema, na kaburi langu linanitazama?"

Bado hajapita. Mtu aliyezikwa haingii nyumbani kama mgeni wa kawaida. Wazee wamekubaliana kwamba atachinjiwa mbuzi wa kumtakasa, na lile shina litafukuliwa kwanza. Siku imewekwa, baada ya wimbi kuvunwa. Mama Nyanchera, ambaye sasa haoni vizuri, hataki kusimuliwa zaidi. "Aje ale nimsikie akitafuna," amesema.

Kemuma, kwa upande wake, ana mpango. Kwenye kipande cha shamba alichotengewa Ongeri na baba yao kabla hawajagombana, nguzo za nyumba zimesimama na kuta zimekandikwa udongo. Amekata nyasi mwenyewe, mzigo baada ya mzigo, na kuziegemeza ukutani zikauke.

"Kuezeka ni kazi ya mwanamume," anasema huku akifunika tumbako yake, maana mawingu yameanza kukusanyika. "Obwocha alitaka kuniezekea, nikamkataza. Paa nimemwachia mwenye nyumba."