Sindano Kwenye Kifua cha Mzee Mayige

Neno lenyewe lina herufi saba tu. Kwandu alilitamka saa nne asubuhi, amesimama mbele ya kompyuta ya chumba cha eksirei.

Kufikia saa saba mchana, neno hilo lilikuwa limempandisha mtu pikipiki, na panga ndani ya koti.

Nitawasimulia taratibu, wajukuu zangu. Msiruke mistari.

Kwandu ni binti wa mji wa Mwanhuzi. Alikuwa mwaka wa mwisho wa kusomea upigaji picha za mionzi, yuko fildi ya mafunzo katika hospitali moja hapa Bariadi. Jina la hospitali mniachie mwenyewe.

Kitendawili! Anakuona mpaka mifupa, lakini jina lako halijui.

Mmeshindwa? Nipeni mji. Haya, ni mashine ya eksirei. Kwandu aliipenda mashine ile mpaka wenzake wakawa wanamtania kwamba ndiyo itakayomtolea ng'ombe wa mahari.

Siku hiyo msimamizi wake, Kasmiri, aliitwa wodini. Akamwachia chumba.

"Kifua unaweza, piga. Kusoma picha siyo kazi yako. Mgonjwa akiuliza, mwambie daktari ataeleza. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mwalimu."

Akaingia Mzee Mayige wa kijiji cha Kasoli. Mtu mrefu, mzee wa kanisa, anakohoa mwezi wa tatu sasa. Wanawe wawili wamemsindikiza. Mkubwa anaitwa Mboje.

Kwandu akapiga goti kama alivyolelewa. "Mwangaluka, babu."

"Mwangaluka, mjukuu wangu."

Sasa sikilizeni alipokosea. Sheria ya chumba kile ni kwamba kifua hakipigwi na nguo. Mgonjwa anavua mpaka kiunoni, anavaa gauni la hospitali. Mzee akavua koti, akaishia hapo. Akashika kola ya shati lake, akamtazama binti usoni.

"Na hili nalo, mama?"

Kwandu akaona haya. Binti wa miaka ishirini na mbili amwambie mtu wa umri wa babu yake avue shati? Kwao hilo halitamkiki.

"Baki nalo tu, babu. Halina shida."

Akampiga picha.

Picha ikaja kwenye kioo. Mbavu zinaonekana, moyo unaonekana. Na juu ya moyo, mstari mweupe, mwembamba, umenyooka, una tundu upande mmoja.

"Mungu wangu," Kwandu akasema. "Sindano!"

Mlango ulikuwa nusu wazi. Mboje alikuwa amesimama pale pale.

"Umesema nini, dada?"

"Hakuna kitu. Daktari ataeleza."

"Daktari aeleze nini? Mimi siyo kiziwi. Umesema sindano."

Akaingia, simu mkononi, akaipiga picha ile kwenye kioo kabla Kwandu hajamzuia.

"Moyoni kabisa! Si nilisema? Si nilisema mimi? Baba karogwa!"

"Ni yule mama wa macho mekundu," akadakia mdogo wake.

"Kuna mwingine? Tangu mbuzi zake zilipokula miche yetu ya pamba, baba akamsema mbele ya watu, kuna usiku baba kalala bila kukohoa?"

Mzee Mayige alikuwa anafunga vifungo vya koti. Kimoja kimoja.

Vifungo vile Kwandu alivikumbuka baadaye.

Kitendawili kingine: halina miguu, lakini linamtangulia mwenye pikipiki. Hicho nawajibia mwenyewe. Ni neno. Wale vijana hawajatoka hata getini, picha ilikuwa imeshafika kwenye magrupu ya Kasoli. Na Kwandu, dirishani, akamsikia Mboje akiipiga kiki pikipiki.

"Panda twende kwa yule mama, kwa Esteria. Tupitie panga nyumbani. Leo anatueleza."



Kasmiri aliporudi alimkuta ameshika meza kama mtu aliyeko juu ya mti. Kwandu akamweleza yote, hakuficha.

"Umepiga picha ngapi?"

"Moja, mwalimu. Ya mbele."

"Shati alivua?"

"Hakuvua. Niliona haya."

Kasmiri hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba.

"Picha ya mbele inalaza kila kitu mahali pamoja, Kwandu. Kilicho kwenye nguo, kilicho kwenye ngozi, kilicho moyoni. Utajuaje kiko wapi?"

"Kwa ya ubavu."

"Iko wapi ya ubavu?"

"Sikuipiga, mwalimu."

"Mzee yuko wapi?"

"Kwenye benchi, anasubiri daktari."

"Mlete. Mimi napigia polisi na mwenyekiti wa kijiji."

Mwenyekiti hakupatikana. Polisi walisema wanatoka, ila Kasoli si hapo mlangoni.

Kwandu akapiga goti mbele ya benchi. "Babu, naomba turudie picha. Nilikosea mimi."

"Ya nini tena? Mmeshaona mlichoona."

"Uvue shati, babu, mara moja tu."

"Shati sivui."

"Babu, kuna mtu atauawa."

Mzee akageuza uso ukutani. Hapo ndipo Kwandu alipoelewa kwamba mzee huyu haogopi sindano hata kidogo. Mtu aliyeambiwa ana chuma moyoni angekuwa analia. Huyu alikuwa anaogopa kuvuliwa.

Akasimama. Akajifuta vumbi magotini.

"Nje nitakuwa mjukuu wako. Humu ndani mimi ni mtu wa eksirei. Baki na shati lako, babu. Ingia, geuka ubavu, nyanyua mikono juu."

Mzee akamwangalia kama anamwona mara ya kwanza. Akaingia.

Picha ya ubavu haina huruma. Mgongo huku, kifua huku, moyo katikati, hauna doa. Na ile sindano? Iko nje kabisa ya mwili. Inaning'inia mbele ya ngozi, pembeni yake kuna kivuli kidogo cha kitu kilichofungwa.

Lupigi. Hirizi ya kienyeji, ina sindano ndani, imefungwa kwa uzi chini ya fulana ya mzee wa kanisa.

Mayige aliitazama picha ile muda mrefu.

"Nikisema ni yangu," akanong'ona, "nitasimama wapi Jumapili?"

"Ulijua," Kwandu akasema. "Tangu mwanzo ulijua."

"Nilidhani wataishia kumtukana tu."

"Na lile panga walilolifuata, babu? La kumtukana nalo?"

Mzee akatoa simu. Akaitafuta namba, akaishia hapo. "Nimwambie nini Mboje?"

"Ukweli."

"Siwezi, mama. Siwezi."

Dakika zilikuwa zinakwenda.

"Basi sema ni mimi. Sema binti wa eksirei kakosea mashine. Lakini sema sasa hivi!"

Na ndivyo mzee alivyosema.

Najua mnaniuliza: bibi, ya chumbani umeyajuaje? Kwandu alinieleza mwenyewe, analia, alipokuja nyumbani kwangu kuomba radhi.

Ya Kasoli sikusimuliwa na mtu.

Esteria ni mimi.

Nilikuwa uani, nachambua pamba kwenye turubai. Pikipiki ikaingia, vijana wawili ninaowajua tangu wakiwa mgongoni kwa mama yao.

"Mwadila, mayu," Mboje akaniamkia, kama mwana kwa mama.

"Mwadila, wanangu. Mbona jua lote hili?"

"Tunaomba maji."

Nikaingia kivulini kwenye mtungi. Nimeinama, kopo mkononi, nikasikia nyayo zinanifuata nyuma. Nilidhani ni kiu.

Simu ikalia.

"Baba... Eti?... Kakosea? Una uhakika, baba?... Haya."

Nikageuka. Alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Nikampa kopo. Akanywa maji yote, akanirudishia kwa mikono miwili, kama kijana aliyelelewa vizuri.

"Asante, mayu."

Alipokuwa anapanda pikipiki, koti likafunuka. Nikauona mpini.

Kwandu alirudishwa kurudia fildi yote, kwa kuvunja sheria ya chumba. Hakumtaja Mayige kwa wanawe wala kwa mtu mwingine, kwa sababu siri ya mgonjwa nayo ni sheria. Kwangu tu aliivunja, na mimi nilimwomba ruhusa ya kuandika. Majina ya watu nimeyabadilisha yote, hata la kwangu. Mayige kwa wanawe bado ni msafi.

Ninyi mnaosomea kazi ya kuona ndani ya watu, heshima ya mzee ni kumwambia avue. Haya yake ni ya dakika moja. Na ukishangaa, shangaa kimoyomoyo.

Wengine nawaomba jambo moja. Ile picha bado inatembea. Wiki iliyopita imerudi tena, safari hii imeandikwa juu: KASOLI AMKENI. Ni ile ya mbele. Ya ubavu hakuna aliyeituma.

Ikikufikia, mjukuu wangu, ifie kwako. Mimi naishi hapa hapa Kasoli, na mtungi wa maji uko pale pale.