Hondohondo wa Puani

Komeo lilinuka moshi. Fundi aliyekuwa akibomoa nyumba yetu ya zamani, huku mlimani juu ya Same, aliniletea akaniuliza, "Dada, hili unaondoka nalo au tulitie kwenye kuni?" Ni kipande cha mti chenye urefu wa mkono wa mtoto, cheusi, kimelainika kwa kushikwashikwa. Nikalinusa tena: moshi, na chini yake udongo wa kukandikia ukuta. Nikakaa juu ya rundo la matofali nikalia mbele ya mafundi, mtu mzima mimi na miwani yangu. Tulikuwa tumemzika mama wiki mbili kabla, kwa hiyo walidhani namlilia mama. Siyo yeye niliyekuwa namlilia, na ngojeni niwaeleze.

Nyuma ya nyumba yetu mlima hauteremki taratibu. Unatoa mwamba mmoja mrefu, mwembamba, unaochomoza juu ya tambarare, halafu unakatika ghafla. Tuliuita Pua, na kwenda huko ni kwenda Puani. Asubuhi za mvua za vuli ukungu ulijaa kule chini ukafunika barabara ya lami, mashamba ya mkonge na maboma ya wafugaji, ukabaki weupe mtupu na Pua imejitokeza ndani yake. Nilipofika darasa la tano, mwalimu alitufundisha kwamba rasi ni nchi kavu iliyochongoka na kuingia baharini, akauliza nani amewahi kuiona. Nikanyoosha mkono. Mtoto ambaye hata bwawa la maana hakuwahi kuliona! Darasa zima likaangua kicheko, na mimi kwa ubishi wangu nikakataa kushusha mkono.

Jua likipanda, ukungu ulichanika na Puani kukaamka. Pimbi walitoka kwenye nyufa kuota jua, wanene, wamekaa kwa safu kama wazee wa kanisa. Mijusi yenye vichwa vyekundu iliinuka na kuinama juu ya mawe. Mbuzi mawe, yule swala mdogo wa miambani, alisimama kwenye ncha ya jiwe, kwato zote nne zimekusanyika mahali panapotosha kuweka kikombe tu. Tai walipita chini yetu, maana ukiwa Puani tai unamwona mgongo. Mawe yaliyolowa yalipoanza kupata joto yalitoa harufu ya chumvi na mkojo wa pimbi, ikachanganyika na ya nta kutoka kwenye mizinga ya baba. Nikisema nilipapenda, nimesema kidogo.

Nilikuwa na miaka saba mama alipojifungua mdogo wangu Mbonea. Alizaliwa njiti, na walipotoka naye hospitali mama aliingia naye chumba cha ndani, mlango ukafungwa. Bibi, mama yake baba, akaweka kigoda chake mlangoni na ungo wa maharage mapajani, akawa hapo kutwa. Mimi nilikuwa na kikohozi kisichokwisha, lakini nani alikuwa akiwaza kikohozi? Nilimtaka mama.

"Bibi, naomba niingie."

"Hapana."

"Nimwone mtoto tu, halafu natoka."

"Nimesema hapana, Nakijwa. Mimi ndiye nimekataa. Kacheze."

Nilipiga mlango kwa ngumi. Nililia hadi nikatapika. Ndani hakukusikika hata neno, nikaamini bibi amemfungia mama yangu na kumkataza kusema. Moyo wa mtoto ni mdogo lakini kinyongo kinaenea, jamani. Kesho yake asubuhi nilipita mbele ya kigoda chake bila kumwamkia. Katika nyumba yetu hilo lilikuwa kosa la kuchapwa. Bibi aliendelea kuchambua maharage yake, kisha akasema, kana kwamba nimesalimu, "Marahaba, mjukuu wangu."

Baba aliona nilivyokonda kwa kulia, akanichukua twende kuangalia mizinga. Pale Puani palikuwa na mgunga mzee uliojishikiza kwenye ufa wa mwamba, shina lake likipanda kutoka chini, hivi kwamba ukilala kifudifudi kwenye jiwe tundu la shina linakuwa mbele ya pua yako. Tundu lilikuwa limezibwa kwa udongo, umebaki mwanya mwembamba kama wa sanduku la sadaka. Akaja ndege, hondohondo dume, mweupe na mweusi, mdomo wake mwekundu umebana panzi. Kwenye ule mwanya ukatokeza mdomo mweusi, ukampokea yule panzi, ukarudi ndani.

"Umemwona?" baba alininong'oneza. "Mama yumo ndani analea, baba analeta chakula. Ndivyo alivyo mama yako sasa. Vumilia kidogo."

Maskini baba, alitaka kunituliza. Lakini hakuniambia nani aliyejenga ule ukuta, na mimi nilitazama yule dume mwenye mdomo mwekundu, anayekuja na kuondoka atakavyo, nikamjua. Alikuwa bibi mwingine tu.

Siku ya tatu yake nilitoroka na kijembe cha bustani. Udongo ule ulikuwa mgumu kama saruji. Niligonga, nikachokoa, nikakohoa, nikagonga tena, hadi ukaanguka vipande vipande. Ndani nilimwona yule jike amejibana nyuma, mdomo wazi, na chini yake makinda mawili, vipande vya nyama vyenye macho yaliyofumba.

"Toka!" nikamwambia. "Nimekufungulia. Toka basi!"

Hakutoka. Nikaingiza mkono. Aliniuma vidole hadi damu, na mimi nikavuta tu kwa kudhani anaogopa, nikamtoa kwenye mwanga na kumrusha juu aruke. Mabawa yake hayakuwa na manyoya. Yalikuwa yamenyonyoka yote, zimebaki ncha fupi zinazoanza kuota. Alishuka genge lile lote bila kuruka, na mimi nimelala juu ya jiwe namtazama.

Jumapili, baada ya ibada, baba akasema twende Puani. Niliogopa kukataa. Dume alikuwa hapo kwenye tundu, panzi mdomoni, akiingiza kichwa na kukitoa, akiita, akikiingiza tena. Makinda yalikuwa yamejaa siafu. Alipotuona aliruka hadi tawi la pili akabaki na yule panzi wake, hakumla. Baba aliokota bonge la udongo, akaligeuza polepole. Upande wa ndani ulikuwa umejaa alama ndogondogo za mdomo.

"Ameukandika mwenyewe," akasema. "Jike ndiye anayejifungia, kwa ndani, ili makinda yake yawe salama. Aliyemfungulia alidhani anamsaidia."

Hakunitazama usoni. Alichukua mkono wangu, akaangalia vidole vilivyochubuka, akavifunga kwa leso yake. Hakuwahi kulisema jambo hilo tena, na mimi sikuwahi kumwambia mtu hadi leo hii ninapowaambia ninyi.

Wiki hiyohiyo Mbonea alifariki. Nilimwona kwa mara ya kwanza akiwa amefungwa kwenye khanga, wanamtoa. Mlango ule ulikuwa wazi sasa, na mama ameketi kitandani, mikono yake haijui pa kukaa. Niliumia mpaka nikatafuta wa kumbebesha lawama, na bibi alikuwa karibu. Nikajiambia: ningemwona mdogo wangu akiwa hai, hata mara moja, kama si huyu bibi kizee.

Sikumwamkia tena. Mama alinichapa kwa hilo, bibi akamshika mkono, akasema, "Mwache mtoto." Mwaka baada ya mwaka nilipita mbele ya kigoda chake na vitabu vyangu kwapani, na kila asubuhi ile sauti, bila hasira, ikinijibu salamu nisiyoitoa: "Marahaba, mjukuu wangu." Alifariki nikiwa kidato cha pili. Nilirudi kumzika na sikudondosha chozi. Mnaweza kunifikiria mnavyotaka.

Sasa turudi kwenye lile komeo. Shangazi yangu, dada yake baba, alinikuta pale juu ya matofali, akaniuliza kulikoni. Nikamwambia namlilia Mbonea, na kwamba hili ndilo komeo bibi alilomfungia mama.

"Bibi yako?" Akanitazama kama aliyesikia matusi. "We mtoto! Komeo hilo lilikuwa upande wa ndani. Mama yako ndiye aliyekuwa akijifungia. Nesi alisema mwenye kikohozi asimsogelee kichanga, na wewe ulikuwa unakohoa kama mzee. Mama yako akamwambia bibi yako, 'Nikimsikia Nakijwa analia nitafungua. Naomba useme wewe ndiye umekataa, mimi sitaweza kumjibu.' Basi bibi yako akasema hivyo. Na wewe hukujua? Miaka yote hii?"

Nilienda kwenye fremu ya mlango, bado imesimama peke yake. Matundu ya misumari ya komeo yalikuwa upande wa chumbani. Niliishi katika nyumba hiyo miaka kumi na mitano, nikaona udongo wa hondohondo na alama zake za ndani, na mlango wa mama yangu sikuwahi kuutazama.

Kaburi la bibi liko nyuma ya uwanja, ukisimama hapo unaiona Pua. Mgunga uliungua zamani, pimbi bado wapo. Nilipiga magoti kwenye nyasi, komeo mkononi, nikasema kwa sauti hadi mafundi wakageuka: "Shikamoo, bibi."

Miaka yote ile alinijibu bila mimi kumsalimu. Sasa nimesalimu, nikasubiri sana pale chini, na hakuna aliyeniitikia.